Mikono ya Kageha

Winrose Kageha hajawahi kuchapwa na baba yake hata siku moja, na asinidanganye mtu kwamba ni kwa sababu alikuwa mtoto mzuri. Nimekua naye hapa Ilesi, boma lao na letu linatenganishwa na ua tu, na nawaambia alikuwa mtundu kuliko mimi. Mimi Gentrix nilikula fimbo za kutosha kwa makosa tuliyofanya pamoja. Yeye baba yake, Mzee Philemon, alikuwa anamwangalia tu, halafu anasema kwa sauti ya chini, "Mama, tafadhali, usifanye hivyo tena." Mtu mzima na ndevu zake anamwita mtoto wa nasari mama, na macho ameyaweka chini.

Kwetu hiyo si ajabu. Ukipewa jina la mama ya baba yako, wewe ni mama yake, na atakuheshimu hivyo. Winrose alipozaliwa alilia mpaka sauti ikaisha. Wakaita majina ya marehemu wa pande zote mbili, moja baada ya lingine, na lilipotajwa la Kageha, nyanya yake aliyezikwa pale nyuma ya nyumba, akanyamaza na kushika titi. Watoto wangu wote wamepata majina hivyo hivyo. Lakini kwa watu wengine jambo hilo linaishia kwenye utani na heshima kidogo. Kwa Winrose halikuishia hapo.

Huyo nyanya alikuwa mfinyanzi. Wanaomkumbuka wanasema hajatokea mwingine kama yeye upande huu wote wa Kakamega. Sasa sikiliza. Mimi nilifundishwa kufinyanga na mama yangu kwa matusi na makofi ya mgongo, na mpaka leo vyungu vyangu ni vya kupikia mboga tu, hakuna atakayevipiga picha. Winrose hakufundishwa na mtu. Tulikuwa watoto, tumekaa kando ya mama zetu, akachukua bonge la udongo lililobaki na kuanza kulizungusha huku anaangalia pembeni, anaongea na mimi habari za mpira wa makaratasi. Mama yangu alipogeuka, kulikuwa na chungu pale, na mdomo wake umekunjwa nje vizuri kabisa. Mama alinyanyuka akaenda nyumbani. Siku hiyo hatukupikiwa chakula cha mchana.

Basi akakua hivyo. Watu walikuwa wanamsifu, lakini sikiliza sifa zenyewe: "Mikono ya Kageha hiyo." "Kageha amerudi." Wazee walikuwa wanamsalimia kwa adabu ambayo hata mchungaji haipati. Aliolewa Lumakanda kwa watu wa mahindi, akarudi. Mumewe alisema ukimkasirikia anakutazama mpaka wewe ndiye unayeomba msamaha, na yeye alitaka mke, hakutaka mkwe. Sisi tulicheka. Winrose hakucheka. Alijenga kibanda chake kwa baba yake, tukawa tunauza vyungu pamoja pale barabarani.

Halafu akaja Tevin. Alikuwa kijana wa kutoka mjini, ametumwa kukifundisha kikundi chetu cha wafinyanzi mambo ya ubunifu. Mimi nilimwona na kucha zake safi nikasema moyoni, haya, tumepata wa kutupotezea siku. Nilimdharau bure. Siku ya kwanza hakufundisha kitu. Alituambia kila mtu alete chungu chake, akavipanga vyote katika ukumbi wa kanisa, akatutoa nje, akavichanganya, halafu akaturudisha ndani na kusema, "Kila mama achukue chake."

Aki, tulisimama pale. Hakuna aliyejua chake. Tulikuwa tumeigana miaka mingi hivi kwamba vyungu vyote vilikuwa kama vya mtu mmoja. Tulianza kuchekana na kusukumana, kila mtu akabeba chochote. Winrose peke yake ndiye hakucheka. Aligusa hiki, akagusa kile, na uso wake ukawa mbaya. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa ameshajua kitu ambacho sisi tulikuwa hatujaona: sote tulikuwa tunaiga mama zetu, na mama zetu walimwiga Kageha.

Tevin alitufundisha vizuri, lazima niseme. Alisema wazo jipya halianguki kutoka mbinguni. Chukua vitu viwili ambavyo havijawahi kukutana, uvifungishe ndoa, uone vitazaa nini. Badilisha kitu kimoja tu katika kazi yako, uone ni nini kingine kitalazimika kubadilika. Uliza maswali ya kijinga. Usijikosoe mapema. Sisi wengine tuliandika, tukaenda kupika. Winrose alishika mambo hayo kwa mikono miwili. Njiani kurudi nyumbani aliniambia, "Gentrix, nataka kitu kimoja tu. Kimoja. Ambacho mtu akikiona atasema hiki ni cha Winrose."

Nilimwambia hilo ni jambo dogo. Sikujua nilichokuwa nasema.

Kitu chake cha kwanza kilikuwa mtungi wa maji wenye midomo miwili, mmoja wa kujazia na mwingine mdogo wa kumiminia, ili watu wasitumbukize vikombe vichafu. Niliupenda, na niliona wivu, wacha niseme ukweli. Tukaupeleka kwa Kukhu Truphosa, ambaye ndiye aliyebaki kati ya wanawake waliofinyanga na Kageha mwenyewe. Sisi nyanya tunamwita kukhu. Huyu wa kwetu ni mkali, anapenda kula omena na kusikiliza redio, na mtoto wa jicho amemziba macho yote mawili, kwa hiyo vitu anaviona kwa vidole. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, kuku wamelala kivulini.

Aliupapasa mtungi akatabasamu. "Umeufanya tena," alisema. "Ulikuwa umeutengenezea wale wake wawili wa mzee Were, ili kila mmoja awe na mdomo wake wasigombane. Walivunja mtungi wakaendelea kugombana."

Winrose aliuliza polepole, "Nani aliutengeneza, kukhu?"

"Wewe," Truphosa alijibu, na akaongeza sauti ya redio.

Nilisema ni uzee. Mtu akizeeka anachanganya leo na jana, na mtungi wa midomo miwili si kitu cha ajabu hivyo. Winrose alikuwa ameshashika njia ya kwao. Nyuma ya nyumba yao kuna rundo la vigae, vyungu vyote vilivyowahi kuvunjika katika boma lile tangu zamani. Hatuvitupi. Kigae unakitwanga kikawa unga, unauchanganya na udongo mpya, na ndipo chungu kinavumilia moto bila kupasuka. Kila boma la mfinyanzi lina rundo lake. Winrose alichukua jembe akaanza kuchimba lile la kwao, na mimi nikasimama pale namwambia aache ujinga, mpaka alipotoa kipande cha shingo ya mtungi, kimeshikana na shingo nyingine ndogo ubavuni.

Kwa ndani kilikuwa na alama ya dole gumba, pale mfinyanzi alipobonyeza kuunganisha. Winrose aliweka dole gumba lake. Liliingia na kutulia pale, mpaka kwenye ule mpindo wa ukucha. Mimi nikajaribu langu na halikuingia. Kuku wa pale nao walikuwa wamelala, na sikusikia hata gari barabarani, na nyinyi mnajua barabara ya Kisumu hainyamazi mchana. Nilimwambia twende tukanywe chai.

Hakukata tamaa. Alitengeneza taa, ya udongo, ina matundu ya umbo la majani ya muhogo, ukiweka mshumaa ndani kivuli kinacheza ukutani. Tevin aliipiga picha akaituma kwa marafiki zake, akasema hajaona kitu kama hicho. Truphosa aliipapasa akasema matundu ya safari hii ni makubwa kidogo, yale ya kwanza yalikuwa ya kupendeza zaidi.

Hapo Winrose akakasirika. Na akikasirika anakuwa mjanja. Akaniambia atafanya kitu cha kipumbavu kabisa, kitu ambacho mwanamke aliyekufa zamani hawezi kuwa amekiwaza. Siku hiyo alikuwa amepanda bodaboda kwenda mjini, akarudi akafinyanga kofia. Ndiyo, ile kofia ya kuendeshea pikipiki, ya udongo, ukiigeuza inakuwa bakuli la matunda. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilisema sasa tumemweza.

Tuliiweka mapajani pa Truphosa. Aliizungusha, akaiinua, na kabla hatujamzuia akaivaa kichwani. Meno machache aliyobaki nayo yalionekana yote. "Ya askari," alisema. "Kaka yako aliporudi kutoka vitani Burma aliongea habari za kofia yake ya chuma mpaka ukachoka, ukamfinyangia moja anyamaze. Nilikuwa mtoto. Ulinivalisha hivi hivi."

Mimi si mtu wa kuamini mambo ovyo. Mimi ni mtu wa kanisa. Lakini nilimtazama Winrose, mtu ninayemjua kuliko ndugu zangu, na kwa muda mfupi nilijiuliza kama nimewahi kuongea naye hata siku moja, au kama miaka hii yote nilikuwa naongea na mtu mwingine. Na yeye aliona nikijiuliza. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, aliniambia hivyo.

Akaenda kwa Tevin. Nilikuwepo. Alimuuliza, "Mwalimu, mtu anajuaje kwamba wazo ni lake?"

Kijana wa watu, angeweza kutudanganya. "Sijui," Tevin alisema. "Hata haya ninayowafundisha nilifundishwa na mtu, na yeye alifundishwa. Lakini Mama Winrose, labda unaanzia kichwani. Usianzie kichwani. Anzia kwa kile unachokishika. Kazi yako inaanza na nini?"

"Udongo."

"Na ndani ya udongo?"

Nilimwona akiangalia viganja vyake. Kwa sababu sote wawili tulijua kilichomo ndani ya udongo. Vigae. Kila chungu alichofinyanga tangu utotoni kilikuwa na vyungu vya Kageha ndani yake, vimetwangwa na kukandwa, na mikono yake ilikuwa inaingia humo kila siku ya Mungu. Na vile vyungu vya Kageha vilikuwa na vya mama yake Kageha. Mimi pia nilifikiria rundo la kwetu, na tangu siku hiyo nikitwanga huwa sijisikii vizuri.

Alipomwambia baba yake kwamba hatatumia tena vigae vya pale, Mzee Philemon aliweka kijiko chini. Tulikuwa tunakula ugali wetu, obusuma, na mboga. Ni mtu mpole sana Mzee Philemon, hata mbwa wake hapigi kelele. Alisema, "Chungu kisicho na vigae vya nyumbani ni mtoto wa nani?"

"Wangu," Winrose alimjibu.

Mzee alimtazama kama mtu anayeona gari likiondoka na yeye bado yuko upande wa pili wa barabara. "Mama," alisema, "unaenda wapi?" Na nikaona kwamba anaogopa. Mzee alimzika mama yake akiwa kijana, na baada ya miaka akarudishiwa, akakaa naye nyumba moja, anamsalimia kila asubuhi. Nilimhurumia. Lakini nilimhurumia Winrose zaidi, kwa sababu hakuna aliyekuwa anamsalimia yeye.

Alitafuta kitu cha kuweka mahali pa vigae. Mchanga wa mto alikataa, alisema Kageha lazima aliujaribu. Halafu akakumbuka somo la kufungisha ndoa vitu ambavyo havijakutana, akapanda gari akaenda Butali kwenye kiwanda cha sukari, akarudi na gunia la makapi ya miwa, yale yanayobaki kiwandani miwa ikishakamuliwa. Nani amewahi kuweka miwa ndani ya chungu? Akayakausha, akayakatakata, akayakanda na udongo, akaketi.

Na mikono yake haikujua la kufanya. Nilikuwa mbele yake, mchana, hakuna giza wala nini. Ile mikono niliyoionea wivu maisha yangu yote ilishika udongo kama ya mgeni. Alianza, ukuta ukaanguka. Akaanza tena, ukalala upande. Alikuwa anatoka jasho. Akaangalia vidole vyake, vyote, kimoja kimoja, akasema, "Gentrix, kumetulia."

"Wapi?"

"Hapa." Akaonyesha mikono. Nilitamani kukimbia, lakini mtu hamkimbii rafiki yake saa nane mchana.

Kilichotoka baada ya siku nyingi za kuharibu kilikuwa kitu kibaya. Siwezi kusema uongo. Kilikuwa kama bakuli, kama kikapu, kimeegemea upande. Tulipokichoma, moshi ulinukia sukari iliyoungua, watoto wa majirani wakaja kusimama uani. Makapi yakaungua ndani ya udongo na kuacha vitundu vidogo kila mahali, na kile kitu kikawa chepesi ajabu. Ukikiinua kwenye jua, mwanga unapita kidogo kidogo. Sikuwahi kuona kitu kama hicho, na sikujua kama ninakipenda.

Tulikipeleka kwa Truphosa. Alikipapasa nje. Akaingiza mkono ndani. Akakigonga kwa ukucha, kikatoa sauti ambayo haikuwa ya chungu. Akazima redio, na redio ya mama yule haizimwi.

"Hiki ni cha nani?" aliuliza.

"Changu, kukhu."

Truphosa alinyoosha mkono akapata uso wa Winrose, akaupapasa kama alivyopapasa chungu, paji, pua, kidevu. Vidole vyake vilirudi kwenye paji vikaanza upya. Halafu akageukia upande wangu, kwa sababu mimi sauti yangu anaijua. "Gentrix," alisema, "ni nani huyu uliyekuja naye?"

Winrose alilia njia nzima, na mpaka leo sijui yalikuwa machozi ya furaha au ya msiba. Nilimuuliza, akasema ni ya yote.

Mnadhani hadithi ilikuwa nzuri kuanzia hapo. Haikuwa. Wateja hawakutaka vitundu, walitaka vyungu vyao walivyozoea, na Winrose alipojaribu kuvitengeneza hakuweza. Vilipasuka motoni kimoja baada ya kingine. Wazee wakaacha kumsalimia kwa adabu, wakawa wanampita tu kama wanavyonipita mimi. Akawa anakaa kando yangu, mtu mzima, ananiuliza maswali ya mtoto: nishike wapi, maji kiasi gani. Mimi, ambaye vyungu vyangu havipigwi picha, ndiye nikawa mwalimu wake. Nilimfundisha bila makofi ya mgongo.

Wiki iliyopita Mzee Philemon alikuja kibandani amebeba beseni. Lilikuwa limejaa vigae vilivyotwangwa, laini kama unga wa wimbi. Alikuwa amevitwanga mwenyewe, mwanamume mzee, kazi ambayo kwetu wanaume hawaifanyi, na vumbi lake jekundu lilikuwa kwenye nyusi zake. Aliliweka beseni mbele ya Winrose. Alipoongea hakumwita jina lolote.

"Weka kidogo tu," alisema. "Kiganja kimoja. Mikono itarudi. Utafinyanga kama zamani, watu watakuheshimu. Na yeye atarudi nyumbani."

Winrose alitazama beseni kwa muda mrefu, na najua alilitamani, maana siku hiyo alikuwa ameharibu udongo wote wa asubuhi. Alichovya kidole. Mimi nilishika kiti changu. Kisha akakitoa, akakipangusa kwenye sketi, akainua uso.

"Na mimi, baba," aliuliza, "niende wapi?"

Nadhani miaka yote hiyo swali hilo halikuwahi kumjia mzee, kwamba kulikuwa na mtu wa pili pale anayehitaji mahali pa kukaa. Alilia bila sauti, na vumbi likamchora mistari usoni. Baadaye akalisogeza beseni nyuma ya mlango, akakaa chini kwenye gunia la makapi, akaangalia kile kitu kilichopinda kilichokuwa mikononi mwa binti yake.

"Unatengeneza nini?" alimuuliza.

"Bado sijui," Winrose alisema, na akaendelea kukizungusha.

Mzee akavua kofia yake, akaiweka gotini, akangoja aone.